Nani Aliyegawa Kazi na Mali Kibanjani?

Mazungumzo kwa wajumbe wa vyama vya msingi, Kagoma



Kila msimu wa kahawa, katika ghala za vyama vya msingi kuanzia Kagoma hadi Bukoba, huonekana jambo ambalo halimshangazi mtu kwa kuwa limezoeleka. Gunia la kahawa ya maganda hufikishwa kwenye mizani. Karani hupima, husoma uzito, kisha hutafuta jina katika daftari la wanachama. Jina hilo mara nyingi ni la mwanamume. Lakini mikono iliyopalilia mibuni, iliyochuma, iliyoanika na kuanua mvua ilipotishia, kwa sehemu kubwa ilikuwa ya mwanamke na ya watoto wake. Hutokea pia kwamba jina lenyewe ni la mtu aliyekwisha kufariki, na mjane wake huleta gunia mwaka baada ya mwaka kwa jina la marehemu, kana kwamba yeye ni mjumbe tu aliyetumwa.

Swali linalostahili kuulizwa ni hili: ni nani aliyegawa mambo hivyo, kazi upande huu na mali upande ule? Wako wanaojibu kwamba ni Mungu, aliyeumba mume na mke. Wako wanaojibu kwamba ni mila, na mwacha mila ni mtumwa. Majibu yote mawili yanatolewa na watu wenye heshima, na kwa hiyo hayafai kupuuzwa. Yafaa yachunguzwe kwa makini.

MAUMBILE NA MAFUNDISHO

Kiswahili cha siku hizi kimetenga maneno mawili ambayo zamani yalichanganywa. Neno jinsi hutumika kwa hali ya kuzaliwa: huyu ni mume, huyu ni mke. Neno jinsia hutumika kwa yale ambayo jamii huyajenga juu ya hali hiyo: kazi, haki, heshima, mavazi, namna ya kuketi na namna ya kusema. Kubeba mimba na kunyonyesha ni mambo ya jinsi. Kumenya ndizi, kuezeka nyumba na kupokea fedha za kahawa ni mambo ya jinsia. Mambo ya kwanza hayabadilishwi na mkutano wowote. Ya pili yamebadilishwa mara nyingi, na hakuna sababu ya kudhani kwamba hayatabadilika tena.

Iko njia nyepesi ya kuyatambua. Jambo la maumbile huwa lile lile kila mahali, kama vile kunyonyesha kulivyo kwa mwanamke katika mataifa yote. Jambo la mafundisho hubadilika mtu akivuka mto. Katika Buhaya, kujenga nyumba ya msonge kulikuwa kazi ya wanaume. Kwa Wamaasai, nyumba hujengwa na wanawake. Kwa Wamaasai, mwanamke hukamua ng'ombe. Kwa wafugaji wa Ankole, ng'ambo ya mto Kagera, kukamua kulikuwa kazi ya wanaume, na wanawake walisukasuka maziwa ili kupata siagi. Kwa Wahaya, kukanyaga ndizi ili kupata rubisi ni kazi ya wanaume, na ingekuwa ajabu kubwa kumwona bibi akiingia katika mtumbwi wa kukanyagia. Lakini sehemu nyingi za Tanzania ambako pombe hupikwa kwa nafaka, wapishi wake ni wanawake. Iwapo maumbile ndiyo yanayogawa, basi yamegawa kwa namna moja Kagoma na kwa namna nyingine Monduli.

Uko ushahidi ulio karibu zaidi. Husemwa kwamba jiko ni la mwanamke. Hata hivyo, wakati wa utawala wa Wajerumani na Waingereza, wapishi katika nyumba za Wazungu, mijini na mashambani, walikuwa wanaume kwa wingi. Vijana waliokuwa hawagusi chungu nyumbani kwa mama zao walijifunza kuoka mikate na kupika supu, wakarudi likizo na mishahara, na hakuna aliyewacheka. Hali kadhalika cherehani: kushona kwa mshahara kwenye baraza za maduka kukawa kazi ya mafundi wa kiume. Hapo inadhihirika kwamba kazi ile ile hubadilisha jinsia yake fedha ikiingia. Kazi isiyolipwa huitwa ya kike, na ikianza kulipwa wanaume hupata ufundi wake.

MTOTO ANAVYOFUNDISHWA

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hakuna siku moja ambapo mtoto huketishwa chini akaelezwa kwamba yeye sasa ni mwanamume au mwanamke. Hufundishwa kidogo kidogo. Msichana hupewa kikapu na jembe lililo sawa na nguvu zake. Mvulana akishika ufagio huambiwa auache, dada yake yupo. Msichana akikimbia na kupiga kelele huulizwa ataolewa na nani. Mvulana akilia huulizwa kama yeye ni msichana. Katika maswali hayo mawili yako mafundisho makubwa kuliko ya darasani, kwa kuwa hutolewa kila siku, hutolewa na watu anaowapenda, na huambatana na sifa au kicheko. Afikapo miaka kumi, mtoto huamini kwamba alizaliwa nayo.

Hata chakula kimetumika kufundishia. Msimu wa senene ulipofika, mwanamke aliwakusanya na kuwaandaa, lakini heshima ya sahani ile ilikuwa ya mume. Katika nchi ya Buganda, wanawake wa zamani walikatazwa kuku na mayai. Kuku ni yule yule na tumbo ni lile lile. Kilichotofautiana ni daraja. Siku hizi wanawake wa Buganda na wa Buhaya hula mayai, na hakuna ukoo uliokatika kwa sababu hiyo.

Mafundisho haya hayambani mwanamke peke yake. Mwanamume naye hufungwa. Anatakiwa asionyeshe hofu wala maumivu, asikiri kwamba hajui, asionekane akimsaidia mkewe kubeba maji. Anayelea watoto wake kwa mikono yake huitwa mtu aliyetawaliwa. Wako wanaume wengi waliochelewa kwenda hospitali, au waliokataa kusema kwamba wamelemewa na deni, kwa kuwa walifundishwa tangu utoto kwamba mwanamume husema amepona. Gharama ya mafundisho hayo huangukia nyumba nzima.

MAMBO YALIYOJULIKANA NA WAZEE

Ingekuwa kosa kudhani kwamba mawazo haya yameletwa juzi na wageni. Wazee wa nchi za maziwa makuu walijua vema kwamba cheo cha mume au cha mke ni kitu kinachoweza kutenganishwa na mwili. Lugha zao zinashuhudia. Katika Kihaya, jina la shangazi hujengwa kutokana na jina la baba, likaongezewa alama ya kike: yaani shangazi ni baba, ila ni baba wa kike. Jina la mjomba hujengwa kutokana na jina la mama, likaongezewa alama ya kiume. Ndiyo maana shangazi husikilizwa anapozungumza juu ya ndoa ya binti wa kaka yake: anasema kwa mamlaka ya upande wa baba, ingawa mwili wake ni wa kike.

Katika Buganda, binti wa ukoo wa kifalme huitwa ssebo, neno la heshima ambalo watu wengine wote huliweka kwa wanaume. Kwa Wakuria wa mkoa wa Mara, iko desturi iitwayo nyumba ntobu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari, humwoa mwanamke mwingine, na watoto wanaozaliwa huhesabiwa kuwa wa nyumba yake. Katika mambo ya mahari na urithi, mwanamke huyo husimama mahali pa mume. Desturi hiyo haitajwi hapa ili isifiwe wala ishutumiwe. Inatajwa kwa sababu inaonyesha jambo moja: ukoo ulipohitaji mume na mume hayupo, jamii ilimfanya mwanamke kuwa mume, na jua likachomoza kama kawaida.

Kiswahili nacho kina ushahidi wa pande mbili. Neno yeye halibagui mume na mke; wote wawili ni watu tu. Lakini likija suala la ndoa, mume huoa na mke huolewa: mmoja ni mtenda, mwingine ni mtendewa. Ndoa ni moja na watu ni wawili, na lugha imekwisha kugawa madaraka kabla hawajafika nyumbani.

KAHAWA ILIVYOKUWA YA KIUME

Kahawa ya Buhaya, amwani, ni ya zamani kuliko Wazungu. Ilitafunwa, ilitolewa kwa mgeni kama alama ya urafiki, na ilitumika watu walipofunga undugu wa damu. Upandaji wake ulikuwa chini ya mamlaka ya Bakama. Wakati huo mbuni haukuwa njia ya fedha ya kila kaya.

Mambo yaligeuka ilipokuja kodi. Serikali ya kikoloni ilidai fedha taslimu, na iliyemdai ni mwanamume, kwa nyumba yake na kwa kichwa chake. Aliyedaiwa fedha akashika zao lenye fedha. Aidha, kibanja kilirithiwa na watoto wa kiume, na mbuni ni mti wa kudumu: hupandwa leo na kuchumwa na wajukuu. Anayeruhusiwa kupanda mti wa kudumu ni yule ambaye hatahamishwa. Mwanamke, ambaye kwa desturi alikuja kwa ndoa na angeweza kuondoka kwa talaka, aliachiwa mazao ya msimu: maharage chini ya migomba, na huko nje kwenye rweya, njugu mawe na mengineyo ambayo hayadai ardhi baada ya kuvunwa.

Hapana budi kukumbuka pia kwamba rutuba ya kibanja haikushuka kutoka mbinguni. Majani ya kufunika udongo yalikatwa rweyani, yakabebwa kichwani, yakatandazwa chini ya migomba na mibuni. Wabebaji wake wengi walikuwa wanawake. Kwa hiyo kwa vizazi vingi nguvu ya mwanamke imekuwa ikihamishwa kutoka ardhi isiyo ya mtu na kuwekwa katika ardhi ya mumewe, bila ya kuandikwa popote.

Ulipoundwa ushirika wa kahawa wa Bukoba, yaani Bukoba Native Co-operative Union, mwaka 1950, ulikuta mambo yamekwisha kupangwa hivyo. Ukaandika majina ya wenye mibuni, na wenye mibuni walikuwa wanaume. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini desturi ya kumwandika mwenye mibuni ilikwisha kuota mizizi. Yafaa ieleweke kwamba daftari lile halikuwa kioo tu cha kuonyesha jamii ilivyo. Lenyewe lilikuwa linaijenga jamii. Aliyeandikwa alipata mkopo, alipata pembejeo, alipiga kura, alichaguliwa, alisikilizwa. Asiyeandikwa alibaki kuwa msaidizi, na watoto waliomwona wakajifunza kwamba mama ni msaidizi.

Ili kuona kwamba mambo yangeweza kuwa vingine, inatosha kutazama pwani ya Zanzibar. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kilianza huko kilimo cha mwani wa baharini kwa ajili ya kuuzwa nje. Lilikuwa zao jipya, lisilo na mwenyewe, katika maji ambayo hakuna ukoo uliokuwa umeyagawa kwa watoto wa kiume. Wanawake waliingia kwa wingi, wakapima, wakapokea fedha kwa mikono yao, wakanunua walichoamua. Hawakuwa na maumbile tofauti na ya wanawake wa Kagoma. Walichokuwa nacho ni zao ambalo bado halijaandikwa jina la mtu.

Na hata katika Buhaya wako waliokataa mpango uliowekwa. Tangu miaka ya 1930 wanawake wengi, hasa wajane na walioachwa, walikwenda Kampala, Nairobi na kwingineko kutafuta maisha, na wengine wakarudi na fedha wakanunua vibanja kwa majina yao wenyewe. Walisemwa sana kwa namna walivyozipata fedha hizo, na wazee walijaribu kuwazuia wasisafiri. Ni wachache waliouliza kwa nini mjane hakuwa na ardhi ya kumweka nyumbani. Wengine walichagua maisha ya utawa, kama masista wa Bannyatereza wa Bukoba, wakawa walimu na wauguzi bila kuolewa, jambo ambalo mwanzoni lilionekana haliwezekani kwa binti wa Kihaya.

MILA ILIYOANDIKWA, NA KESI ILIYOANZIA KASHASHA

Mila isiyoandikwa husogea pamoja na watu. Ikiandikwa, husimama. Mwaka 1945 Cory na Hartnoll walichapisha kitabu juu ya sheria za mila za Wahaya. Mwaka 1963 serikali ilitangaza kanuni za mila zilizounganishwa kwa makabila mengi. Kanuni hizo zilimweka mtoto wa kiume wa kwanza katika daraja la kwanza la urithi, watoto wengine wa kiume katika la pili, na mabinti katika la tatu. Mjane hakuwa na fungu iwapo marehemu aliacha ndugu wa ukoo wake. Matunzo yake yalikuwa juu ya watoto wake. Ardhi ya ukoo mwanamke aliweza kuitumia maishani mwake, lakini si kuiuza.

Jambo hilo lilipimwa katika wilaya hii hii ya Muleba. Mwanamke mmoja mzee alikuwa ameachiwa ardhi na baba yake kwa wosia halali. Tarehe 24 Agosti 1988, akiwa hana wa kumtunza, aliiuza kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akadai kwamba mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo, na mahakama ikakubaliana naye. Mama yule hakunyamaza. Alikata rufaa Mahakama ya Wilaya ya Muleba, akashinda. Shauri likafika Mahakama Kuu ya Mwanza, na ndilo linalojulikana na wanasheria wa Afrika nzima kwa jina la Ephrahim dhidi ya Pastory.

Tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya alitoa hukumu. Alieleza kwamba mwanamume aliyeuza ardhi ya ukoo bila idhini, mauzo yake yalisimama hadi ndugu walipoikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake, ilhali mwanamke aliyefanya jambo lile lile aliambiwa kwamba mauzo yake si kitu. Tofauti hiyo, alisema, inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na Katiba inakataza ubaguzi. Tangu hapo haki ya kurithi na kuuza, na pia kanuni ya ukombozi, zikawa sawa kwa mume na mke.

Hukumu hiyo haikusimama peke yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa imekwisha kumpa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki mali. Mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilibatilisha mila zinazomnyima mwanamke ardhi, na ikaagiza kwamba katika baraza la ardhi la kijiji lenye watu 7, wasiopungua 3 wawe wanawake.

Hata hivyo karatasi haipalilii shamba. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba wajane wawili wa Tanzania walikuwa wamenyimwa haki kwa kanuni zile zile za mwaka 1963. Sheria ikibadilika na daftari la kijiji na la chama lisibadilike, mjane hubaki alipokuwa.

Na wajane wa Kagera wanajulikana. Mkoa huu ndiko waliogunduliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata, nyumba nyingi zilipoteza baba, nyingine baba na mama. Bibi wa miaka sabini akawa baba wa wajukuu. Msichana wa shule akawa mkuu wa kaya. Migomba iliendelea kupogolewa na kahawa iliendelea kuchumwa, na waliofanya hivyo ni wale ambao ilikuwa imesemwa hawawezi. Janga lilivunja mgawanyo wa kazi kwa siku chache. Mgawanyo wa mali ulibaki, na wako wajane waliotolewa kibanjani kabla ya udongo wa kaburi kukauka.

HOJA ZA WANAOSITA

Husemwa kwamba binti akirithi, ardhi itatoka katika ukoo, na makaburi ya mababu yatabaki kwa wageni. Hofu hiyo ni ya kweli, kwa kuwa vibanja ni vidogo na watu wanaongezeka. Lakini vibanja vingi vimetoka katika koo kwa mikono ya watoto wa kiume, waliouza ili kulipa madeni au kufuata maisha ya mjini. Iwapo ukoo unataka kulinda ardhi, njia ya ukombozi ipo, na humlinda dhidi ya muuzaji yeyote. Jinsi ya muuzaji haiongezi wala haipunguzi hasara.

Husemwa pia kwamba wanachama wawili katika nyumba moja wataleta ugomvi. Lakini ugomvi upo tayari, ila hausikiki ghalani. Kila mjumbe anajua maana ya butura. Mwanamume mwenye shida huuza kahawa ingali mbichi mtini, kwa bei ya chini, mara nyingine bila ya mkewe kujua. Msimu ukifika, mama na watoto huchuma kahawa ambayo ni ya mtu mwingine. Chama hukosa kahawa, nyumba hukosa ada ya shule, na mnunuzi wa butura hupata faida. Mali yenye macho mawili ya kuilinda haiuzwi gizani kwa urahisi.

Kuna na suala la ubora. Anayeamua kama kahawa itachumwa ikiwa imeiva na kuanikwa juu ya mkeka au chini kwenye vumbi, ni yule mwenye kuichuma na kuianika. Huyo akiwa haoni senti ya malipo, kwa nini ajisumbue? Chama kinachomlipa asiyechuma na kumsahau anayechuma kinajipunguzia bei chenyewe.

WAJIBU WA VYAMA

Ushirika hauna haja ya kuazima fikra hizi kwa jirani. Wafanyakazi wa Rochdale, Uingereza, walipoanzisha chama chao mwaka 1844, sheria ya nchi yao ilikuwa bado inamhesabu mume kuwa mwenye fedha za mkewe. Hata hivyo mwaka 1846 waliandika mwanachama wao wa kwanza wa kike, Eliza Brierley. Sheria ya Uingereza iliyompa mwanamke aliyeolewa haki kamili juu ya mali yake ilipitishwa mwaka 1882, miaka 36 baadaye. Daftari la chama lilitangulia sheria ya nchi. Katika Tanzania mambo ni kinyume: sheria imetangulia, na madaftari ndiyo yanayosubiriwa.

Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya mwaka 1967 juu ya ujamaa vijijini, alikiri waziwazi kwamba jamii ya zamani ilikuwa na kasoro hii, ya mwanamke kufanya kazi zaidi ya fungu lake na kupewa heshima pungufu, na kwamba usawa hauwezi kujengwa juu ya kasoro hiyo. Tangu alipoyaandika hayo, wilaya ya Muleba imemtoa Profesa Anna Tibaijuka, aliyeongoza shirika la makazi la Umoja wa Mataifa kuanzia mwaka 2000 hadi 2010, kisha akawa Waziri wa Ardhi. Tangu Machi 2021 nchi inaongozwa na Rais mwanamke. Binti wa Kagoma anayeona hayo kisha akaona mama yake hana jina ghalani, hufundishwa mambo mawili yasiyopatana, na lililo karibu naye ndilo hufundisha zaidi.

Yako mambo ambayo kamati ya chama cha msingi inaweza kuyafanya bila ya kungoja agizo. Kwanza, kulipitia daftari na kutafuta majina ya marehemu, kisha kuwaandika wajane au warithi wanaolima kweli. Pili, kuwakaribisha wake na mabinti wenye mibuni, hata michache, wawe wanachama kwa hisa zao wenyewe. Tatu, kumtaka kila mwanachama aandike mrithi wa hisa zake angali hai, na kumweleza kwamba mke na binti hawakatazwi. Nne, kuitisha mikutano saa ambayo anayepika na kuteka maji anaweza kufika, na akifika aketi mahali anapoonekana na kusikika. Tano, kuwasomea wanachama hesabu kwa lugha inayoeleweka, ili kura isiwe ya wachache wanaojua tarakimu.

Hakuna hata moja kati ya haya linalomtaka mwanamume aache kuwa mwanamume, au mwanamke aache kuwa mwanamke. Linalotakiwa ni kwamba kazi iitwe kazi, na mwenye kuifanya aitwe mwenyewe.

Ndugu wajumbe, wakirudi katika vyama vyao, wajumbe watakuta msimu uko mbele na madaftari yako kabatini. Swali la kupeleka kwenye mkutano ujao ni moja nalo si gumu: katika kila jina lililoandikwa, ni nani anayechuma kahawa hiyo, naye ameandikwa wapi? Chama kitakachoweza kulijibu kwa kila kaya kitakuwa kimefanya kazi ambayo mahakama, katiba na hotuba haziwezi kukifanyia.